Uso na Alama ya Kidole: Picha za Mitaani na Nairobi ya Baada ya Vita

Historia ya upigaji picha wa mitaani nchini Kenya haiwezi kutenganishwa na historia ya mtu aliyeondoka kijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, kwa kuwa mtaa wenyewe, yaani barabara ya jiji yenye maduka, vibanda, foleni na askari, ulijaa watu ambao sheria ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapita njia. Kwa upigaji picha wa mitaani inakusudiwa hapa kazi ya mpiga picha anayetoka nje ya studio na kuwanasa watu wakiwa katika shughuli zao, bila kuwapanga wala kuwapamba, ili picha iseme jambo kuhusu jamii wanamoishi. Katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, kazi hiyo iligeuka Nairobi kuwa hukumu juu ya jiji, hata pale ambapo mpiga picha hakuandika neno lolote chini ya picha yake, kwa sababu ilionyesha nyuso za watu ambao utawala ulikuwa umezoea kuwatambua kwa njia nyingine kabisa, nayo ni alama za vidole.

Mtaa huo ulianzia mbali, mashambani. Kwa mfano, Kanyangi, ambayo leo ni wadi ya eneobunge la Kitui Rural, iko kusini mwa mji wa Kitui, upande unaoelekea Makueni, katika nchi kavu ambako mkulima wa Kikamba hutegemea zaidi mvua za vuli, za kuanzia Oktoba hadi Desemba, kuliko zile za masika. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kupitia Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, ikaiacha Kitui bila stesheni hata moja, hivyo kwamba mtu wa sehemu hizo aliyetaka kufika mjini alikuwa ama avuke kuifuata reli, ama azunguke kwa barabara za Kitui na Machakos. Ukame ndio uliomsukuma zaidi kuliko tamaa ya mji. Wakamba wamezipa njaa zao majina ambayo ni kumbukumbu ya umma kuliko jalada lolote la wilaya: ile ya 1961 huitwa yua ya ndeke, kwa kuwa chakula cha msaada kilidondoshwa kwa ndege, na ile ya 1984 hukumbukwa kama nikw'a ngwete, ninakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu fedha zilikuwa mkononi lakini chakula hakikupatikana. Jina hili la pili linafichua jambo ambalo historia ya picha itabidi ilizingatie, kwamba kufikia kizazi hicho kaya ya Ukambani ilikuwa na fedha za mshahara mkononi, na mshahara ulitoka mjini.

Kabla ya mji kulikuwa na jeshi. Waingereza, kwa nadharia yao ya makabila ya kivita, ambayo ilidai kwamba baadhi ya watu huzaliwa askari, waliwaandikisha Wakamba kwa wingi katika kikosi cha King's African Rifles, na hata mwishoni mwa miaka ya 1950 Wakamba walikuwa karibu theluthi moja ya askari wa kikosi hicho, idadi inayozidi mno uwiano wao katika taifa. Nadharia hiyo ilikuwa upuuzi, na ukweli wa jambo ni kwamba nchi yenye mvua haba na mifugo iliyokwisha kupunguzwa kwa nguvu ilitoa vijana waliohitaji mshahara; mwaka 1938 Wakamba wa Machakos, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikuwa wameandamana hadi Nairobi kupinga serikali kuuza ng'ombe wao kwa nguvu, naye Mbingu akaishia kuhamishiwa Lamu. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, vijana wa Ukambani walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika matope na malaria. Soko la Burma lililoko mashariki mwa Nairobi linahifadhi kumbukumbu ya kampeni hiyo kwa jina lake, na wengi wanaonunua nyama hapo leo hawana habari.

Mtu aliyerudi kutoka Burma alikuta mji unaokua haraka kuliko nyumba zake. Sensa ya 1948 ilihesabu Nairobi watu kiasi cha 119,000, na mwaka huohuo ukachapishwa mpango mkuu wa mji ulioandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ambao ulichora mitaa ya wafanyakazi upande wa mashariki, karibu na eneo la viwanda. Kwa hakika mgawanyo ulikuwa umekwisha kuwapo: Wazungu walikaa vilimani upande wa magharibi na kaskazini, Wahindi Ngara na Parklands, na Waafrika Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani na Muthurwa, ambako kilichokodishwa mara nyingi hakikuwa chumba bali nafasi ya kitanda. Mshahara ulipangwa kwa mtu mmoja asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto walilishwa na shamba la nyumbani, na ni mwaka 1954 tu ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipopendekeza mshahara unaotosha kulea familia mjini. Dhana hiyo ya kwanza ilimgusa moja kwa moja mwanamke wa Kanyangi, ambaye kilimo chake katika nchi ya ukame kilikuwa, bila yeye kulipwa, sehemu ya gharama za kuendesha viwanda vya Nairobi.

Tarehe 30 Machi 1950 mji ukapewa hati ya kifalme na kuwa jiji. Picha rasmi za siku zile zilipigwa kwa ajili ya sherehe, magwaride na wageni wenye heshima, ilhali shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Makhan Singh na Fred Kubai liliwataka Waafrika wazisusie sherehe hizo, likihoji ni jiji la nani linalosherehekewa. Mwezi Mei viongozi hao wawili walikamatwa na mgomo mkuu ukafuata. Mtazamaji wa leo akiziweka picha za sherehe kando ya habari za mgomo anaona jinsi kamera ilivyokuwa na mwenyewe: iliyotumwa na serikali ilisimama upande wa jukwaa, na umati ulioko ng'ambo ya kamba ulikuwa mandhari tu.

Serikali haikuwa na haja ya uso wa Mwafrika, maana ilikuwa na kidole chake. Sheria ya uandikishaji ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa kazi kubeba kipande, karatasi yenye jina lake, kabila lake, waajiri wake, mshahara wake na alama za vidole vyake, ambayo aliivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Askari waliorudi kutoka vitani walikichukia kipande kuliko wengine wote, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuona dunia ambamo mtu hufahamika kwa nambari ya heshima na cheo. Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya iliyodai kuwaandikisha wanaume wa rangi zote kwa alama za vidole, jambo ambalo lingekuwa la usawa, lakini walowezi wa Kizungu walikataa katakata kupakwa wino kama, kwa maneno ya fikra zao, wahalifu. Tume ya Sir Bertrand Glancy iliyokaa mwaka 1950 ikatafuta njia ya katikati, na suluhisho likawa kwamba anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza bila msaada angeruhusiwa kutoa sahihi na picha yake badala ya alama za vidole. Uamuzi huo mdogo wa kiofisi unastahili kukumbukwa katika historia ya upigaji picha kuliko maonyesho mengi ya sanaa, kwa kuwa uliifanya picha ya uso kuwa daraja: mwenye Kiingereza alitambulika kwa sura, na asiye nacho, ambaye ndiye mchukuzi, topasi, mpishi na mlinzi, aliendelea kutambulika kwa ncha ya kidole.

Hapo ndipo uzito wa studio unapoeleweka. Studio za Afrika Mashariki zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mafundi wenye asili ya Kihindi, kuanzia Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, hadi studio ya N. V. Parekh ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1942, na nyingine nyingi zilizotanda katika mitaa ya maduka ya Nairobi. Mfanyakazi aliyeingia humo akiwa amevaa suti, iwe yake au ya kuazima, akaketi mbele ya pazia lililochorwa na kusubiri taa, alinunua kile ambacho ofisi ya uandikishaji ilimnyima. Picha hiyo ilitiwa katika bahasha na kupelekwa nyumbani, na kwa hiyo mji ulioonekana kijijini ulikuwa mji uliokunjuliwa vizuri, usio na foleni wala kitanda cha kukodi. Hakuna haja ya kuidharau picha ya studio kwa kuwa ilipangwa. Ilisema kweli kuhusu tamaa ya mtu na ikanyamaza kuhusu hali yake. Hali yake ilibaki barabarani, ikimngoja mpiga picha wa aina nyingine.

Mpiga picha huyo alitoka katika matbaa ya gazeti. Girdhari Lal Vidyarthi alikuwa ameanzisha Nairobi mwaka 1933 gazeti la Colonial Times, lililopinga ubaguzi wa rangi, na matbaa yake ikachapisha pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Yeye mwenyewe alifungwa katika miaka ya 1940 kwa kosa la uchochezi. Katika ukoo huohuo alizaliwa mwaka 1935 Priya Ramrakha, aliyejifunza kazi akiwa bado kijana kwa kulipigia picha gazeti la jamaa zake. Nafasi yake mjini ilikuwa ya pekee, kwani Mhindi wa Nairobi alizuiwa kuingia katika hoteli na vilabu vya Wazungu, lakini aliweza kupita madukani, sokoni na katika mitaa ya Waafrika bila kipande shingoni, akiwa na kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, ambayo humruhusu mtu kupiga picha nyingi mfululizo akiwa anatembea, tofauti na kamera kubwa ya studio inayohitaji kusimamishwa kwa miguu mitatu. Kuwa kwake katikati ya rangi mbili kulimpa mwanya, na haitakuwa haki kuuita bahati tu, kwa sababu vijana wengine wengi wa jamii yake walikuwa na mwanya uleule wakautumia kuuza vitambaa.

Hali ya Hatari dhidi ya vuguvugu la Mau Mau ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakati Ramrakha alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi, na barabara za Nairobi zikawa uwanja wa mashaka ambamo kila uso wa Mwafrika ulikuwa swali. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000, chini ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakausaka mtaa kwa mtaa na kuwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru na watu wa makabila mengine. Picha zilizobaki za siku zile, nyingi zikiwa za mashirika ya habari ya ng'ambo, zinaonyesha wanaume wameketishwa chini kwa safu, mizigo yao midogo mbele yao, na askari wenye bunduki wamesimama pembezoni. Walioulizwa walipitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa vichwa kwa magunia yenye matundu ya macho, ambao waliitikia au kutikisa kichwa, na kwa kichwa hicho mtu akaenda zake au akaenda kizuizini. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa uso kuwa suala la kisiasa: mshtakiwa alianikwa juani na shahidi wake akafichwa.

Zaidi ya watu 20,000 walikamatwa, na wengi wao wakapakiwa katika magari ya moshi yaliyowapeleka Manyani na Mackinnon Road, yaani kwa reli ileile iliyokatiza nchi ya Wakamba kupitia Sultan Hamud, Makindu na Kibwezi. Wakamba kwa jumla waliachwa, ingawa serikali ilikuwa na hofu kubwa kwamba kiapo cha Mau Mau kilikuwa kimeingia miongoni mwa wafanyakazi wao wa Nairobi, hasa wa reli, na Paul Ngei, mwana wa Ukambani, alikuwa amekwisha kuhukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Kazi na vitanda vilivyoachwa wazi na waliokamatwa vilichukuliwa na watu wa makabila mengine, Wakamba wakiwa mstari wa mbele. Hili ni jambo ambalo masimulizi ya ukombozi hulipita haraka, na si sawa lipitwe: umati wa mtaani katika picha za Nairobi za nusu ya pili ya miaka ya 1950 si umati uleule wa picha za kabla ya Aprili 1954, na baadhi ya waliosimama pale walisimama katika nafasi ya jirani aliyetolewa usiku. Picha haimlaumu mtu huyo. Humwonyesha tu akisubiri basi, na mtazamaji mwenye tarehe mkononi hujua kwa nini foleni ina nyuso hizo na si nyingine.

Picha za Ramrakha za kipindi hiki zilifuata upekuzi wa askari, mikutano ya siasa na maisha ya kawaida ya mitaa iliyotengwa kwa rangi, na nguvu zake zinatokana na kukaribia kwake. Picha nyingi za magazeti ya kigeni juu ya Mau Mau zilitazama kwa mbali, zikitafuta ama mlowezi mwenye bastola mezani ama mfungwa mwenye macho makali, kwa sababu hadithi iliyokuwa ikiuzwa London ilikuwa ya ustaarabu na unyama. Kijana wa Colonial Times alikuwa mtu wa mji huohuo, aliyejua duka gani linafunguliwa saa ngapi, na macho yake yaliona kile kisichouzika kwa urahisi: kwamba ndani ya hali ya hatari watu waliendelea kununua unga, kugombana na kondakta na kupeleka watoto shuleni, na kwamba dhuluma ilikuwa imefumwa ndani ya mambo hayohayo ya kila siku.

Dunia ya wakati huo ilikuwa na wapiga picha wengi wa mitaani, na ulinganisho mfupi unasaidia kupima kazi hii. Huko Paris, Robert Doisneau alilipigia jarida la Life mwaka 1950 picha ya vijana wawili wakibusiana mbele ya jumba la baraza la mji, ambayo dunia iliipokea kama furaha ya Ulaya iliyotoka vitani, mpaka ilipothibitika baada ya miongo minne kwamba vijana wale walikuwa waigizaji waliopangwa. Robert Frank, Mswisi aliyehamia Marekani, alizunguka nchi hiyo katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha Paris mwaka 1958 kitabu cha picha 83 kilichoonyesha upweke na ubaguzi ulioko chini ya ustawi wake, wakosoaji wengi wa Marekani wakakichukia. Lakini ndugu wa karibu zaidi wa picha za Nairobi ni zile za Ernest Cole wa Afrika Kusini, ambaye kitabu chake House of Bondage, kilichotoka mwaka 1967 na kupigwa marufuku nchini kwake, kilifuata hatua kwa hatua maisha ya mfanyakazi mweusi anayebeba pasi. Tofauti kati ya miji hii si ya ufundi. Mpiga picha wa Paris alipiga watu wenye haki ya kuwa barabarani. Wa Johannesburg na wa Nairobi alipiga watu ambao kuwapo kwao barabarani kulihitaji karatasi, kwa hiyo picha yoyote ya mtu akitembea tu ilikuwa tayari ina hoja ndani yake.

Kipaji cha Ramrakha kilionwa na Eliot Elisofon, mpiga picha wa Life aliyekuwa akizuru Afrika, naye akamsaidia kupata nafasi katika chuo cha sanaa cha Art Center, Los Angeles. Huko Marekani alikuta mapambano ya haki za raia na akayapiga picha kwa jicho la mtu aliyekwisha kujua ubaguzi wa rangi kwao, kisha akarudi nyumbani wakati bendera ya Kenya ilipokuwa inapandishwa, Desemba 1963, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata mkataba wa kudumu na majarida ya Time na Life. Kazi ikamtoa katika mitaa ya Nairobi ikampeleka Zanzibar, Kongo, Aden na hatimaye Nigeria, ambako aliuawa tarehe 2 Oktoba 1968, akiwa na umri wa miaka 33, msafara wa askari aliokuwa akiufuata uliposhambuliwa katika vita vya Biafra.

Wenzake waliendelea. Mohinder Dhillon, aliyefika Kenya kutoka Punjab mwaka 1947 akiwa kijana wa miaka 16, alipata kazi katika Halle Studio ya Nairobi, akatoka studio kwenda barabarani na baadaye katika filamu za habari, na maisha hayo akayaandika katika kitabu My Camera, My Life cha mwaka 2016. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Amin alifika kabla mwili haujaondolewa na akapiga picha ndani ya gari la wagonjwa. Picha hizo ni za mauaji, lakini ni za mtaani pia, na waliozitazama waliona barabara waliyokuwa wakiipita kila Jumamosi kwenda kununua vitu, ikawa mahali ambapo matumaini ya karibu miaka sita ya uhuru yalianguka. Baada ya siku hiyo siasa za Kenya zilirudi kwa kasi katika ukabila, na kamera ya mwandishi wa habari ikaanza kutazamwa na wenye madaraka kwa jicho baya zaidi.

Katika miongo iliyofuata kamera ya mtaani iliingia mikononi mwa mafundi wadogo, nao hawakuhukumu jiji bali waliliuza. Uhuru Park ilipofunguliwa mwaka 1969 na jengo la mikutano la KICC lilipokamilika mwaka 1973, palizuka wapiga picha waliosimama mahali hapo wakiwangoja wageni kutoka mashambani, wakiwapanga mbele ya mnara au chemchemi, na kuwapa picha za kwenda nazo nyumbani. Mombasa nako, karibu na kivuko cha Likoni, vibanda vya picha vilivyofanyiwa utafiti na mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend viliendeshwa zaidi na watu waliotoka bara, ambao mapazia yao yalichorwa meli, ndege na majumba. Msafiri wa Kitui aliyeshuka kwenye kituo cha mabasi ambacho watu wa Nairobi hukiita Machakos Airport, kwa kejeli ya upendo, akaenda kupigwa picha akiwa ameegemea jiji lake, alifanya hivyo bila kuomba ruhusa ya ofisi yoyote. Hukumu ilikuwa imegeuka: sasa mpigwa picha ndiye aliyechagua jiji lionekane vipi nyuma yake. Mwanamke alichelewa zaidi katika daftari la serikali, kwa kuwa ni marekebisho ya mwaka 1978 yaliyotaka wanawake nao waandikishwe na kupewa vitambulisho, miongo mitatu baada ya walowezi kugombania heshima ya kutambuliwa kwa sura.

Vita vingine vilikuja bila kutangazwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mitaa ya Nairobi, Naivasha, Nakuru, Eldoret na Kisumu ikawaka, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ikahesabu vifo 1,133, huku mamia ya maelfu ya watu wakikimbia makazi yao. Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard, alifuata machafuko hayo barabara kwa barabara, na mwaka 2009 yeye na wenzake wakaanzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka mji hadi mji yakiweka picha kubwa za ghasia hizo hadharani, katika bustani na kando ya njia, mahali ambapo mtu hakuhitaji kiingilio wala mwaliko ili azione. Hapa upigaji picha wa mitaani ulifunga mzunguko ambao Ramrakha hakuwahi kupewa nafasi ya kuufunga, kwa sababu picha zilizopigwa barabarani zilirudishwa kwa watu wa barabarani, na si kupelekwa London au New York kwanza. Wapo walioona kwamba kuonyesha panga na maiti mbele ya waliofiwa ni kutonesha kidonda, na hoja hiyo si nyepesi. Waandaaji walijibu kwa kuwaalika watazamaji kuzungumza na kuandika ahadi za amani papo hapo, jambo lililoigeuza picha kuwa mwanzo wa mjadala, ingawa haki ya kisheria kwa waliouawa haikufuata kwa kasi hiyo.

Wakati maonyesho hayo yanazunguka, hazina ya Ramrakha ilikuwa inafunguliwa. Filamu zake, yaani zile negativu ambazo picha huchapwa kutokana nazo, pamoja na picha zilizokwisha kuchapwa, zilikuwa zimehifadhiwa kwa miongo katika gereji Nairobi, ndipo jamaa yake, Shravan Vidyarthi, alipozipata, akatengeneza kwanza filamu ya kumbukumbu juu yake, kisha akishirikiana na mwanahistoria wa sanaa Erin Haney akazitoa katika maonyesho yaliyofanyika Johannesburg mwaka 2017 na katika kitabu cha mwaka 2018. Kazi ya kuzitambua picha za aina hiyo ni ngumu kwa sababu ileile iliyozizaa: mhariri wa zama zile aliandika jina la gavana, la wakili na la kiongozi wa chama, na umati akauita umati. Aliyemo humo hutambuliwa, ikiwa atatambuliwa, na mtu wa nyumbani kwao anayelijua koti, au namna ya kusimama, au kovu la kipajini, na kwa sababu hiyo maonyesho ya picha za Nairobi ya miaka ya 1950 yana kazi ya kufanya Kitui, Wote ya Makueni na Kanyangi kabla hayajapelekwa tena ng'ambo, wakati wazee waliofanya kazi katika jiji lile bado wapo wa kuulizwa.